Mwili Rasmi wa Besiboli

Siku ya Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, wananchi wa Jinja na Mbale walitangaziwa kwamba tatizo la miili limepatiwa ufumbuzi.

Tangazo lilisomwa na Afande Aloysius Opolot mwenyewe, Mwenyekiti wa Mamlaka ya Ligi ya Kulipwa ya Besiboli ya Mashariki, akiwa amesimama kwenye ngazi za ofisi yake mjini Jinja, ngazi ya tatu kutoka chini, aliyoizoea. Alisema kwa muda mrefu mchezo umekuwa ukichezwa na watu wa kila namna: wafupi kupita kiasi, wanene kupita kiasi, na wengine warefu mpaka mtu anaumwa shingo akizungumza nao. Hali hiyo haiwezi kuachwa iendelee katika nchi yenye sheria. Kwa hiyo imeundwa Kamati ya Maumbile Stahiki, nayo itauambia umma mwili wa mchezaji wa kulipwa unapaswa kuwaje.

Mtangazaji mmoja wa redio aliuliza kama miili hiyo haikuwapo tangu zamani. Afande alimjibu kwamba ilikuwapo, ila haikuwa imepitishwa.

Afande Aloysius alikuwa afisa wa magereza mstaafu. Kwa miaka thelathini na miwili alihesabu watu asubuhi na kuwahesabu tena jioni, na hakuna kilichompa raha duniani kama hesabu kutoka sawa. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi, chenye amri, na ndicho alichoendeshea mikutano yote, kwa kuwa aliamini kwamba kwa Kisoga mtu anaweza kubisha, kwa Kiingereza anaweza kuzunguka, lakini kwa Kiswahili anatii. Besiboli hakuwahi kuicheza. Alipewa ligi alipostaafu, wakati wenzake walipopewa bodi na tume, akaipokea kama alivyopokea vituo vyote vya kazi, bila kuuliza ndani mna nini.

Ligi yenyewe ilikuwa na timu mbili, Jinja na Mbale, jambo lililorahisisha sana ratiba. Zilicheza mara kumi na mbili kwa mwaka, kisha zikakutana tena katika fainali, na kila mara watu waliuliza ni nani ameingia.

Shida ilianza na barua. Klabu moja ya ng'ambo iliandika kwamba itatuma watu wawili kutazama fainali ya mwaka huu mjini Mbale, na baada ya hapo huenda ikaalika ujumbe kutoka Uganda. Afande aliisoma barua mara tatu, na mara zote tatu macho yake yaliganda kwenye neno "ujumbe". Hakuwahi kupanda ndege. Tangu siku hiyo akaanza kuitazama ligi yake kwa macho ya mgeni, na alichokiona kilimtia aibu.

Kwanza alimwona Adrisi.

Adrisi alikuwa Mnubi wa Nalufenya, mtu wa miaka ishirini na sita, aliyeacha kibanda chake cha kutengeneza simu ili achezee Jinja kwa mshahara. Kimo chake kilikuwa sentimita mia na arobaini na mbili. Sasa, katika besiboli, mrushaji anatakiwa apitishe mpira mbele ya mpigaji, kati ya magoti yake na kifua chake. Akipitisha hapo ni straiki, na straiki tatu humtoa mpigaji. Akikosa mara nne, mpigaji hupewa kituo cha kwanza bure, anatembea tu kwenda kusimama. Kati ya magoti ya Adrisi na kifua chake palikuwa na nafasi ya kupitisha mkate, tena uwe wa nusu. Warushaji wa Mbale walirusha, wakakosa, wakashika viuno, wakarusha tena. Adrisi alilaza gongo chini kwa adabu na kutembea. Msimu huo alikuwa amesimama mbele yao mara thelathini na moja, na mara ishirini na tisa alitembea.

Wa pili alikuwa Bruhan wa Mbale, mkazi wa Malukhu, kilo mia na arobaini na nane. Yeye akiupiga mpira, uliruka ukuta, ukavuka barabara, na mara mbili uliangukia ndani ya sufuria ya malewa, yale machipukizi ya mianzi, ya mama muuza chakula. Kisha Bruhan alizunguka vituo vyote polepole akisalimia watu kwa majina, na mashabiki walisimama wakampigia makofi mpaka amalize, jambo lililochukua muda.

"Hii ni ligi ama sarakasi?" Afande alimuuliza katibu wake.

Katibu aliitwa Bramwel, mtu mrefu, mwembamba, mwenye mwandiko mzuri. Alijibu kwamba swali zito namna hiyo lingefaa liundiwe kamati.

Kamati ilikuwa na viti vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha Afande, cha pili cha Bramwel, na cha tatu kiliachwa wazi kwa ajili ya mwakilishi wa wananchi, na kikabaki hivyo hivyo, wazi kabisa, mpaka mwisho. Kazi ya kwanza ilikuwa kujua mwili sahihi ni upi. Bramwel alileta kalenda ya ukutani yenye picha ya mchezaji wa ng'ambo amesimama wima, gongo begani. Wakampima kwa rula. Alikuwa na sentimita kumi na saba na nusu. Wakazidisha kwa kumi. Uzito ulisumbua zaidi, kwa sababu kalenda ilipowekwa kwenye mizani mshale haukutikisika, kwa hiyo wakapiga kura, na kwa kura mbili dhidi ya sifuri ikakubalika kwamba mtu wa umbo lile hawezi kupita kilo sabini na tano.

Ndivyo ulivyopatikana Mwili Rasmi: sentimita mia na sabini na tano, kilo sabini na tano, na ruhusa ya kuzidi au kupungua kwa tano. Afande alifurahi kuona namba zote mbili zinaishia na sabini na tano. Alisema hiyo inaonyesha sayansi na utaratibu vinaelewana.

Kupima watu kulihitaji mtu mwenye tepu, na tepu iliyoaminika ilikuwa ya Madinah. Huyu alikuwa fundi cherehani wa Malukhu, mama wa makamo, ndiye aliyeshona jezi za timu zote mbili, na aliwajua wachezaji kwa viuno vyao kabla ya majina yao. Afande alimwita ofisini, akamsomea barua ya uteuzi iliyomfanya Afisa Mpimaji wa Kamati. Madinah alisikiliza mpaka mwisho, tepu ikining'inia shingoni.

"Afande, mimi nikipima mtu, ni ili nikate kitambaa," alisema. "Sijawahi kupima ili nikate mtu."

Afande alimweleza kwamba huo ulikuwa upimaji wa zamani.

Shauri la Adrisi lilisikilizwa Jinja. Aliingia amevaa shati la kuendea msikitini siku ya Ijumaa, kwa sababu alidhani wakubwa wakimwona nadhifu watamhurumia. Alikuwa ameandika kwenye karatasi rekodi yake yote ya msimu, mara ishirini na tisa kati ya thelathini na moja, akaiweka mezani kwa mikono miwili. Hakuna mchezaji mwingine katika ligi aliyefika hata nusu yake. Aliamini kwamba karatasi hiyo itamtetea.

Afande aliisoma, kisha akampa Bramwel aisome, na wote wawili wakakubaliana kwamba ulikuwa ushahidi mzito sana dhidi yake. Mtu anayefika kituoni mara ishirini na tisa bila kuinua gongo anapata faida isiyo na jasho. Zaidi ya hayo anamnyanyasa mrushaji, ambaye naye ana familia.

"Unafanya nini pale mbele?" Afande aliuliza. "Wewe iko nasimama tu."

"Nasubiri, afande. Mpira mbaya nauacha upite. Wengine wanashindwa kuuacha."

"Kusubiri si kazi."

"Ningekuwa mrefu, afande, hata mimi ningepiga ovyo kama wao. Lakini nilivyo, nimejifunza kusubiri, na nimefundishwa na uwanja wenyewe. Hamuwezi kuniambia sijui mchezo."

Bramwel aliandika kwamba mlalamikiwa amekiri kuwa mfupi. Madinah alipotakiwa athibitishe alisoma tepu kwa sauti ndogo, akamtazama Adrisi usoni, akaikunja. Adrisi alichukua karatasi yake mezani, akaikunja mara nne akaitia mfukoni, akaomba ruhusa ya kutoka. Wiki iliyofuata alikuwa tena kwenye kibanda cha simu, na wateja waliomuuliza habari za timu aliwajibu kwamba simu yao itakuwa tayari saa kumi.

Bruhan alihukumiwa Mbale, naye alipata huruma, kwani Afande alisema unene, tofauti na ufupi, ni tabia, na tabia hurekebishwa. Alipewa siku sitini afikishe kilo themanini. Hoja ya Bruhan kwamba besiboli inahitaji mtu mmoja wa kuupiga mpira mbali ilikataliwa, maana katika kanuni zote kumi na tisa za Kamati hakuna mahali palipoandikwa mbali.

Bruhan alikuwa mtu mtiifu. Aliacha ugali wa posho, akaacha ndizi za matooke, akaacha chapati, akabaki na papai na mboga za kuchemsha. Kila asubuhi alikimbia kuelekea mwamba wa Wanale na kurudi. Baada ya mwezi mmoja na nusu alikuwa amepungua kilo kumi na tisa, na mpira wake ulikuwa haufiki tena barabarani. Alikuja kwa Madinah mara mbili kupunguziwa jezi. Mara ya pili alikaa kwenye benchi la wateja akaomba maji, akauliza zimebaki ngapi. Madinah alimwambia arobaini na tisa. Bruhan alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Mama Madinah, wakishazitoa hizo zote, atakayebaki ni nani?"

Madinah alimshonea jezi ile kwa kuacha kitambaa cha akiba ndani ya mishono, kingi kuliko kawaida.

Siku sitini zilipokwisha, miili yote ilikuwa imepimwa. Kati ya wachezaji ishirini na wanane walifaulu kumi na saba, tisa wa Jinja na wanane wa Mbale. Timu ya besiboli huwa na watu tisa uwanjani. Bramwel aliandika katika ripoti kwamba Mbale imefikia utekelezaji wa asilimia themanini na tisa, na Afande akaona hiyo ni alama nzuri, shuleni yeye hakuwahi kuipata. Mbale waliamriwa watafute wa tisa. Walimpata mwalimu wa kwaya mwenye sentimita mia na sabini na nne na kilo sabini na sita, mwili wa ajabu, kama uliagizwa. Lakini aliogopa mpira, akarudi kwenye kwaya yake kabla ya kupewa cheti.

Kisha ikaja barua ya pili, hii kutoka mji mkuu. Mheshimiwa msimamizi wa michezo ya kanda alikuwa amezisoma kanuni na kuzipenda, na akaelekeza kwamba mtu yeyote atakayesafiri ng'ambo kwa jina la ligi, awe mchezaji au kiongozi, awe na Cheti cha Maumbile Stahiki. Afande alipoimaliza barua aliagiza mlango ufungwe na Madinah aitwe.

Ni lazima isemwe kwamba Afande Aloysius alikuwa mtu wa kimo cha kutosha, hasa akiwa ameketi. Aliingia magereza mwaka ambao waliotafutwa ni watu, si vimo, na tangu apate nyota mabegani hakuna aliyethubutu kumtazama kutoka juu, hata wale waliokuwa juu. Yeye mwenyewe alikuwa amesahau. Alisimama kwenye ukuta kwa utulivu, buti miguuni, kofia kichwani, kidevu mbele. Madinah aliomba kofia. Akashusha tepu.

"Mia na hamsini na mbili, afande. Na buti."

Nje pikipiki ilikataa kuwaka.

"Ongeza cheo," alisema Afande.

"Cheo niongeze wapi, afande?"

"Juu."

Madinah aliandika mia na hamsini na mbili kwenye daftari lake la wateja, kama alivyoandika vipimo vya mtu yeyote. Alisema tepu yake inajua kusoma mtu tu, na cheti ni mali ya wenye kalamu. Basi Bramwel akachukua kalamu, na kwa mwandiko wake mzuri akamjazia Afande sentimita mia na sabini na tano na kilo sabini na tano, Mwili Rasmi kamili, usiozidi wala kupungua. Mizani ilikuwa imesema tisini na nne, lakini ilikuwa mizani ya zamani. Afande hakuona kwamba amedanganya. Aliona kwamba kuna kimo cha mtu nyumbani kwake na kuna kimo cha ofisi, na ng'ambo inaalikwa ofisi.

Ila cheti kiliacha tundu moja, na Bramwel aliliona. Wachezaji wana mazoea ya kujikunja wanapopiga, ili eneo la straiki liwe dogo, na kwa kujikunja huko mtu anaweza kuupotosha umma kuhusu mwili wake. Kwa hiyo ukatolewa waraka: kuanzia fainali, mwamuzi asitegemee macho, apige hesabu ya magoti na kifua kutoka kwenye cheti. Madinah naye aliuliza kama nguo za ujumbe azishone kwa kufuata mtu au kwa kufuata cheti. Alijibiwa, kwa cheti. Akaomba jibu hilo kwa maandishi, akapewa, likiwa na muhuri.

Siku ya fainali uwanja wa Mbale ulijaa mapema. Mheshimiwa alikaa chini ya hema na wageni wawili, mwanamke na mwanamume, wote wapole, wenye madaftari. Mkalimani alikaa katikati yao. Adrisi alikuwa amepanda gari tangu alfajiri kuja kutazama, na alikaa jukwaani pamoja na Bruhan, mmoja akiwa amechukua nafasi ya nusu mtu na mwingine ya mtu mmoja na nusu, kwa hiyo hakuna jirani aliyeona tofauti.

Mwamuzi alikuwa Mwalimu Namwase, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Budondo, aliyezijua sheria za mchezo kwa kichwa na waraka wa Kamati vile vile. Alihesabu Jinja, akapata tisa. Alihesabu Mbale mara mbili, kidole hewani kama anavyohesabu darasa, akapata wanane. Akatangaza kwamba timu isiyo na watu tisa haichezi, na Jinja watapewa kombe bila mchezo.

Afande alikuja mbio kutoka hemani, akamwamuru amwingize Bruhan. Aliagiza kwa sauti ya gwaride, na Bruhan kule jukwaani akasimama. Namwase aliomba kuona cheti cha Bruhan. Afande akasema asiwe mjinga, wageni wanangoja. Mwalimu alimjibu bila haraka kwamba anazo kanuni mkononi, ukurasa wa kumi na mmoja, na chini yake kuna saini ya afande mwenyewe. Bruhan akakaa.

Kutoka hemani Mheshimiwa alituma mtu kuuliza kinachochelewesha. Aliambiwa kwamba anatafutwa mtu yeyote mwenye cheti halali ambaye yupo uwanjani. Bramwel akafungua rejista. Alisoma majina ya wachezaji kumi na saba, kisha la kwake, kisha la Afande. Akaeleza kwa masikitiko kwamba yeye binafsi angecheza kwa moyo wote, lakini kanuni inamkataza katibu kuweka kalamu chini wakati wa hafla rasmi.

Mheshimiwa alifurahi sana. Alichukua kipaza sauti na kuwaambia wananchi kwamba viongozi wengi wanaongoza kwa mdomo, ila leo watamwona kiongozi anayeongoza kwa mwili. Uwanja mzima ulipiga kelele. Afande Aloysius alipiga saluti, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kufanya.

Jezi yake ya ujumbe ilikuwapo. Madinah alikuwa ameishona kwa cheti. Mikono ilimpita Afande vidole na kubaki ikining'inia, suruali iliingia chini ya visigino, na katikati, mahali palipotakiwa kukutana vifungo na matundu, palikuwa na uwazi wa shubiri moja usioweza kufungwa kwa waraka wowote. Walimpeleka kona ya mbali kabisa ya uwanja, na kwa rehema ya Mungu mpira haukumfuata huko. Lakini katika awamu ya tatu Mbale walimaliza wapigaji wao wanane, na zamu yake ikafika.

Alisimama na gongo huku amejikunja, kama watu wote wanaoogopa. Mrushaji wa Jinja alimtazama Namwase. Namwase alikitazama cheti, akapiga hesabu kwa midomo, akamwonyesha kwa mkono kifua cha Afande kiko wapi kisheria. Mrushaji akarusha pale. Mpira ulipita mbele ya pua.

"Straiki," alisema Namwase.

"Mwalimu, huo mpira imepita usoni kwangu."

"Umepita kifuani kwako, afande. Kwa mujibu wa cheti."

Watu waliokuwa karibu na wavu walisikia, wakawaambia waliokuwa nyuma, na kicheko kikapanda jukwaa ngazi moja moja mpaka juu. Afande alisikia jasho likimshuka mgongoni ndani ya jezi ile ndefu. Alijaribu kusimama kwa ncha za vidole ili kifua kisogee karibu na sheria, akajikwaa kwenye suruali. Mpira wa pili ulimvua kofia.

"Straiki mbili."

Kofia ilibiringika mpaka kwenye miguu ya mdakaji, naye akaiokota akampa kwa heshima. Afande aliipokea. Maisha yake yote hakuwahi kutupiwa kitu na mtu aliye chini yake, na sasa kilikuwa kikija kwa kasi, kwa ruhusa, na mbele yake kulikuwa na zamu nyingine mbili au tatu za namna hiyo. Alimtazama Mheshimiwa. Mheshimiwa alikuwa anapiga makofi. Akamwona mrushaji anakunja mkono nyuma, na ndipo akaliachia gongo likaanguka.

"Nipimeni!"

Namwase aliuliza kama afande anapinga cheti cha Kamati.

"Mimi si mrefu hivyo," alisema Afande Aloysius, na kwa vile uwanja ulikuwa umenyamaza, ilisikika mpaka hemani. "Nipimeni. Mimi ni mfupi."

Madinah alishuka kutoka jukwaani na tepu yake. Alimsimamisha wima mbele ya watu elfu mbili, akamwomba kofia kama alivyomwomba siku ile, akapima, akasoma kwa sauti ya dukani, ile ya kumwambia mwenzake aandike: mia na hamsini na mbili, na viatu. Safari hii hapakuwa na mlango wa kufunga. Namwase alikipiga cheti mstari mwekundu wa kimwalimu, kutoka kona mpaka kona, akatangaza kwamba Mbale wana watu wanane.

Mheshimiwa aliacha kupiga makofi. Wageni walikuwa wanamuuliza mkalimani jambo, na mkalimani alikuwa anatafuta maneno. Ikabaki njia moja, kuzisimamisha kanuni zote kumi na tisa hapo hapo, na mwenye uwezo huo alikuwa Mwenyekiti peke yake. Bramwel aliandika, akageuka, akainama sana, na Afande akavuta mkono wa jezi mara tatu mpaka vidole vikatokea, akasaini juu ya mgongo wa katibu wake.

Bruhan aliingia. Mpira wake haukuruka ukuta, kilo kumi na tisa zilikuwa zimekwenda na nguvu zao, uligonga tofali la juu ukarudi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kulipwa ilimbidi akimbie. Alifika kituo cha pili anahema, na watu wa Malukhu waliimba jina lake kama vile ameutoa nje. Jinja nao walimwingiza Adrisi. Mara tatu alitembea. Mara ya nne, awamu ya mwisho, timu zikiwa sawa na mtu wa Jinja yuko kituo cha tatu, mrushaji wa Mbale alichoka kukosa, akarusha mpira wa polepole ili angalau aupate mkate ule. Adrisi, aliyekuwa amesubiri msimu mzima, aliugonga kidogo tu juu ya kichwa cha mlinzi wa karibu. Mtu wa kituo cha tatu akaingia nyumbani, na Jinja wakapata alama ya ushindi. Wengi hawakuwa wamewahi kumwona akilitumia gongo.

Wageni walishuka uwanjani wenyewe. Kupitia mkalimani walisema klabu yao hutafuta miili ambayo klabu nyingine haziitazami, kwa kuwa humo ndimo wanamopata wachezaji, na wakapongeza ligi inayowapa nafasi watu wa maumbo yote. Mheshimiwa alisema hiyo imekuwa sera yetu siku zote. Walimtaka Adrisi na Bruhan kwa majaribio ya miezi mitatu. Kisha mgeni wa kike akauliza kwa upole habari za yule mzee mfupi aliyesimama kwa ujasiri mbele ya mipira ya usoni.

Hapo kama Mheshimiwa angesema ukweli, angelazimika kueleza cheti, na kalenda, na kiti kilichoachwa wazi. Akasema yule ndiye mchezaji wao wa tatu.

Meza ya fomu iliwekwa kando ya uwanja, na Bramwel akapewa kazi ya kujaza. Afande Aloysius alisimama mbele yake ndani ya jezi iliyokuwa ingali wazi tumboni. Ng'ambo angekwenda. Aligeuka kumtafuta Mheshimiwa, akaona vumbi la gari lake tu. Bramwel alijaza jina, akajaza umri, akafika mahali palipoandikwa umbo la mchezaji, akainua kalamu na kusubiri.

"Andika mfupi," Afande alisema, akitazama chini.

Bramwel, ambaye hakupenda fomu yenye shaka, aliuliza kama aandike mfupi au mfupi sana.

Adrisi alikuwa wa pili katika foleni, na fomu yake alikuwa ameshaijaza mwenyewe. Aliinua uso akamtazama Afande, na haikumlazimu kuuinua sana.

"Mfupi sana ni mimi, afande," alisema. "Wewe andikiwa mfupi tu."